Karai la Verlin Unruh

Mjinga wa kiangazi kile alikuwa Verlin Unruh mwenyewe, na hakumsingizia mtu. Huko kwao, magharibi ya Kansas, wakulima waliochangia kisima kimoja walipimana matumizi ya maji kwa makarai. Kila mmoja aliweka karai la maji kando ya shamba lake, na ambaye lake lingepungua kidogo kuliko yote kufikia mwisho wa Julai ndiye aliyehesabiwa mbanaji wa maji, akapewa na zamu ya mwenzake ya kumwagilia. Mahindi ya Verlin yalikuwa yanaanza kubeba. Bila zamu ya Agosti yangebaki mabua. Basi akafunga maji ya shambani. Alijiambia kwamba shamba lisipotoa mvuke, karai nalo litatulia.

Shamba likakauka. Jumanne mbingu ikashuka kutafuta cha kunywa. Ilikuwa na rangi ya jinzi iliyofuliwa sana, na ilifika usawa wa madirisha. Ikamaliza karai, ikahamia kwenye hodhi la ng'ombe, kisha ikakausha kahawa ya Verlin kikombe kikiwa mdomoni. Akajaza karai tena. Ikanywa tena, ikacheua upepo wa moto uliomvua kofia.

Nguo zikawa zinakaukia ndani ya mashine. Jumapili, kanisani, mbingu ikafyonza supu ikaacha tambi, na mchungaji akabatiza kwa maji ya tikiti, mbiombio, huku akicheka. Watu waliinama kuipisha, wakafunika glasi kwa visahani, wakaendelea kuzungumzia ngano.

Ng'ambo ya barabara, Delmar Ratzlaff alimwagilia usiku na mchana mpaka vyura wakahamia kwake. Mbingu ilikunywa kwenye majani ya mahindi yake, ikashiba, ikalala chali juu ya shamba, imepoa. Karai lake haikuligusa.

Mwisho wa Julai, kwenye mkutano wa wenye kisima, Verlin alikiri ujinga wake, akaeleza yote. Walimsikiliza kwa upole, wakayatazama makarai mawili, wakampa Delmar zamu ya Agosti. Mikono yote iliinuka, hata wa Verlin, kwa mazoea. Mbingu ilikuwa mlangoni, inalamba chupa.

“Usinune, jirani,” Delmar alimwambia. “Hata mbingu inamjua mtu anayebana maji.”

Lavonne, mkewe Verlin, alikuwa anakata pai. Hakuinua macho.

“Inakujua sana, Delmar. Imekunywa shambani kwako mpaka karai limeishinda. Kwetu haikukuta kitu shambani, ikalamba mpaka masufuria, na walafi tumekuwa sisi.”