Kivuli Penye Mlango

Kwa miaka mingi Dominique ndiye aliyepiga video za arusi mjini Kasongo, kwa kamera yake ya kanda. Sasa arusi ya Emilienne, mtoto wa dada yake mwenyewe, ilikuwa mikononi mwa Bruno, kijana aliyetoka Salamabila na kamera mpya inayoenea kiganjani.

"Wewe ni mjomba," dada yake Euphrasie alikuwa amemwambia. "Ukishika kamera, nani atamwagia mutoto maji ya baraka?"

Lilikuwa neno la heshima. Dominique alilimeza kama mwiba.

Siku yenyewe mvua ilitanda tangu asubuhi, na jenereta ikagoma. Sebule ilibaki na dirisha moja na mlango uliokuwa wazi. Bruno alipoinua kamera, mashangazi walijipanga mbele yake, wakivuta vitenge vikae sawa. Zamani walijipanga hivyo mbele ya Dominique.

Maji ya mjomba humwagwa viganjani mwa bibi arusi mara moja tu, na maneno yake hayarudiwi. Dominique alichukua kikombe, akaenda kusimama kizingitini, mgongo wake ukielekea weupe wa nje. Alijua vema alitendalo: katika nyumba yenye giza, kamera ikielekezwa mlangoni, aliye mbele ya mlango hugeuka mkaa.

"Mjomba, pardon, sogea kidogo ku dirisha," Bruno aliomba. "Uso iko giza."

"Mimi ni kiti, unisogeze? Kamera mupya yote hiyo haina macho?"

Watu wakacheka. Bruno akainamisha kichwa, akapiga vivyo hivyo, Dominique akimwaga maji na kutamka baraka.

Baada ya chakula walizunguka kioo kidogo cha kamera. Mashangazi walionekana, na vitenge vyao. Kuku wa mahari, aliyefungwa chini ya dirisha, alionekana mpaka wekundu wa jicho. Kisha likaja umbo jeusi, limeshika kikombe.

"Na huyu ni nani?" Euphrasie aliuliza. "Shetani ya mvua?"

Emilienne hakucheka. Kesho yake mumewe angemchukua kwenda Salamabila.

"Mjomba, video niliiomba sababu ya hii tu," alisema. "Kule nikikukumbuka, nikuone."

Dominique alifungua kinywa ailaumu kamera. Bruno alikuwa akimtazama, wala hakumshitaki. Akainamia kioo kama wengine.

"Rudisha, Bruno," Emilienne akaomba. "Walau nisikie sauti."

Sauti ya mjomba ikatoka safi ndani ya giza lile. Kando yake, kwenye mwanga wa dirisha, kuku alikuwa akipepesa jicho. Naye Dominique akajikuta anamwonea wivu hata kuku.