Piga Bandi Kwanza

Binti yangu tunamwita Chiriku, na si kwa kumwonea. Hata akinywa maji, anaongea ndani ya kikombe. Kwa hiyo alipokaa kimya siku mbili mfululizo, nilijua kuna jambo.

Chumba chetu cha mbele ndicho kiwanda changu cha ushonaji. Meza ya kukatia iko katikati, cherehani iko dirishani, na dada yangu hukaa kwenye kigoda akitia vifungo. Chiriku akirudi kutoka shule hupewa pembe ya meza na simu yangu. Mwalimu wake hutuma mazoezi humo, na kuna mchezo wa hesabu ambao watoto hushindana na kuandikiana. Ijumaa ya wiki hiyo alikuwa na mtihani, na zile nusu na robo bado zilikuwa zinampiga chenga.

Jumatano hiyo nilipita nyuma yake kuchukua pasi. Akailaza simu kifudifudi.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu."

Dada akakata uzi kwa meno. "Mnyang'anye hiyo simu, mdogo wangu. Sisi tulisoma kwa chaki na ubao."

"Ndiyo maana mpaka leo ukihesabu vifungo unavua viatu."

Siku nyingine Chiriku angecheka mpaka aanguke. Hakuinua hata uso.

Nikakumbuka maneno yangu mwenyewe. Siku niliyompa simu mara ya kwanza nilimwambia, "Nikikuta ujinga humu, naivunja kwa pasi." Nilidhani namlinda.

Uzi uliojifunga hauvutwi. Ukivuta, fundo linakaza. Nikachukua sketi ya shule niliyokosea pindo, nikamwita aje tufumue. Tulikaa bega kwa bega, mimi na wembe, yeye akichomoa nyuzi, macho yetu yote kwenye kitambaa. Tulifika nusu ya pindo ndipo akasema:

"Mama, ukikosea mshono unafumua. Mtu akituma picha, inafumulika?"

Wembe ukanikata kidole. Nikakificha ndani ya kiganja.

"Nieleze, tuone."

"Utaivunja simu?"

"Siivunji. Maneno yale nilikosea kuyasema. Nisamehe."

Dada akakohoa, maana kwetu mama hamwombi mtoto radhi. Nikamtazama, akarudi kwenye vifungo vyake.

Chiriku akaniletea simu. Kwenye mchezo ule kulikuwa na mtu aliyesema ana miaka kumi na mitatu. Alimfundisha robo vizuri kabisa, lazima niseme. Kisha akaomba picha ya uso, akatumiwa. Sasa alitaka nyingine, Chiriku akiwa kitandani, na Ijumaa angemngoja kwenye geti la shule na zawadi. Ujumbe wa mwisho niliusoma mara tatu: "Usimwambie mama yako. Si ulisema ataivunja simu?"

Kitisho changu mwenyewe ndicho alichokuwa anamfungia mwanangu mdomo.

"Shule yako ameijuaje?" nikauliza.

Chiriku akanionyesha picha yake ya kwenye mchezo. Niliipiga mimi. Muhula uliopita nilimvalisha sare mpya, nikamsimamisha mlangoni ili wateja waone kazi yangu, nikamwambia, "Toa kifua mbele, mama, beji ionekane." Ilionekana. Jina la shule lilisomeka herufi kwa herufi, jinsi nilivyojivunia kulidarizi.

Dada alishasimama. "Nipe hiyo simu nimtukane mpaka asahau kwao! Halafu futa kila kitu."

"Hatufuti, dada, wala hatumjibu."

Mwalimu wangu wa masomo ya jioni, ninakojifunza kompyuta, alitufundisha hilo: anayefuta ujumbe anamfutia mkosaji nyayo. Nikapiga picha za skrini, moja baada ya nyingine, mpaka ujumbe wa kwanza kabisa. Nikamripoti kwa wenye mchezo, nikamzuia. Kisha nikafungua ukurasa wangu wa biashara, nikaondoa kila picha yenye mtoto na beji. Zilikuwa thelathini na saba. Kuanzia sasa sare zangu zitavaliwa na kiango cha nguo, nacho hakina shule.

Alhamisi asubuhi cherehani haikulia. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, kisha polisi. Askari wa kaunta aliniambia huo ni mchezo wa watoto tu. Nikamwekea simu mbele, nikakaa kwenye benchi, nikamwambia nina siku nzima. Saa moja baadaye mkubwa wake alikuwa anaandika maelezo yangu.

Ijumaa mimi na dada tulisimama getini, pamoja na mlinzi na askari aliyevaa kiraia. Dada alikuwa ameficha rula ya chuma ndani ya kanga. Hakutokea mtu. Kisha Chiriku akatoka, akiongea kabla hajatufikia: maswali kumi, amepata saba!

Alidhani simu haitarudi tena mikononi mwake. Mchana ule niliiweka kwenye pembe yake ya meza, skrini ikitazama chumba kizima, nikamwambia:

"Unaona ninavyoshona gauni la mteja? Naanza na nini?"

"Bandi."

"Kwa nini?"

"Ni uzi wa kushikiza tu. Ukikosea, unauvuta unatoka. Mshono wa cherehani ni mgumu kufumua."

"Basi na humu hivyo hivyo. Picha, jina, shule, neno la mtu usiyemjua: kabla hujatuma wala kujibu, niite. Tupige bandi kwanza. Sitagomba."

"Hata ukiwa na kazi nyingi?"

"Hata nikiwa na bibi harusi amesimama hapa na pini mwilini."

Wiki iliyofuata alijaribu ahadi yangu kweli kweli. "Mama, bandi!" Paka amevaa miwani. "Mama, bandi!" Mwenzake anauliza jibu la swali la nne. Dada akasema bora tungemwacha kimya.

Jumanne nilikuwa nampima mteja kiuno, mkanda wa kupimia mkononi, nikasikia tena, safari hii kwa sauti ndogo.

"Mama. Bandi."

Mtu mwingine asiyemjua alikuwa ameandika: *Unasoma shule gani, mrembo?* Chini yake Chiriku hakuwa ameandika kitu. Alikuwa ameinua mikono yote miwili mbali na simu, kama mtu aliyeona sufuria inafurika.

Nikamwomba mteja radhi, nikavuta kigoda, nikakaa karibu yake.