Robine ya Kadena Mbili

Tuko na robine mupya, bomba ya maji, pembeni ya soko toka miezi sita, na hakuna mutu amekunywa maji yake. Miye Générose nauzisha samaki pale, na maji ya kuosha samaki ningali naibeba kichwani toka mutoni.

Robine iko ya majaribio, komini, ni kusema serikali ya hapa, na sosiete moja ya biashara wanaijaribu pamoja. Kwa kuwa hawaaminiane, waliifungia ndani ya sanduku ya chuma, na kila mumoja akatia kadena yake, kufuli ya nguvu. Papa Ezéchiel iko na ufunguo ya komini, Sandrine iko na ya sosiete. Papa Ezéchiel akifika, Sandrine iko kwa mukutano. Sandrine akifika, papa Ezéchiel iko kwa matanga. Siku moja walikutana. Nikakimbia na ndoo. Wakabishana saa nzima nani atafungua wa kwanza, kisha kila mumoja akarudi kwake na ufunguo yake.

Juma iliyopita walituita tusikilize matokeo. Walikaa kwa meza moja, chupa za maji ya kununua mbele yao. Sandrine akasoma: kwa miezi sita, robine haijaharibika hata mara moja. Papa Ezéchiel akapiga makofi.

“Alors,” akasema, “tutaweka ingine kumi katika muji.”

Nikanyoosha mukono. “Papa Ezéchiel, na hizo kumi, itakuwa na kadena ngapi?”

“Makumi mbili, mama,” akajibu, na hakucheka.