Mguu Ulihama Bila Kuniaga

Hivi wewe umewahi kuionea wivu miwani? Usicheke. Mimi nimeionea, tena kwa umri huu wa kuitwa bibi na watu nisiowajua.

Mume wangu ni fundi cherehani. Mguu wake wa kulia, ule aliouzoea kukanyagia, ulikatwa chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Kidonda kilipona, maumivu yakabaki. Amekaa zake kitandani, mara anashtuka: vidole vinajikunja, unyayo unaungua. Vidole gani, na mguu hamna? Lakini jasho linamtoka kweli kweli. Basi ananiita, "Mama watoto, mguu umeanza!" Nami naacha sufuria jikoni, nakuja na mafuta na kitambaa changu cha kuchulia. Nachua kipande kilichobaki, kisha nashuka nachua shuka tupu, pale ambapo unyayo ungekuwa. Anafumba macho, anapumua. Wengine walituona vichaa. Mimi nilijua kazi yangu.

Ndipo hospitali wakaleta miwani. Daktari wa mazoezi, binti mwembamba mwenye sauti laini, alimvika dude linalofunika macho yote, akamfunga pajani mkanda wenye waya. Humo ndani, mzee akiangalia chini anaona miguu yake yote miwili, iko juu ya kanyagio la cherehani. Akikaza paja, mguu unakanyaga. Binti akatueleza kwamba ubongo ukiuona mguu unafanya kazi, unaacha kuulilia.

"Kanyaga, babu. Taratibu. Sasa kunjua vidole."

"Vinakunjuka, mwanangu! Vinakunjuka!"

Mimi na mafuta yangu sikuwahi kushangiliwa hivyo.

Wakatuazima tukae nayo nyumbani. Tangu hapo chumba kikawa cha watu wawili, na mimi si mmoja wao. Mzee anachana nywele kwanza, ndipo anavaa miwani.

"Nywele za nini, na kichwa unakwenda kukifunika?"

"Heshima ya kazi."

Namsikia anacheka peke yake humo. Kuniita, haniiti. Chupa yangu ya mafuta ikakaa dirishani mpaka kifuniko kikashika vumbi. Mjukuu wangu wa kike akanichokoza, "Bibi, umeletewa mke mwenza wa plastiki." Nikamwambia akaoshe vyombo, na vilikuwa vimeshaoshwa.

Mchana mmoja nikaona nami niihudumie hiyo miwani, isije ikasemwa nimeinunia. Kitambaa kilichokuwa karibu ni kile changu cha kuchulia. Nikasugua vioo vizuri, ndani na nje.

Mzee akavaa. Akageuza kichwa huku na huku, akasema, "Mbona kuna ukungu? Cherehani siioni. Mguu... mguu uko wapi?" Vidole vikaanza. Akaivua miwani, akaibwaga kitandani, akang'ang'ania shuka. "Mpigie binti! Mpigie daktari simu!"

Na mimi nimesimama hapo hapo mlangoni, ananiona.

Sikupiga simu. Nikakaa kitandani, nikaweka mkono mahali pangu pa siku zote.

"Siyo huko," akasema, meno ameyauma. "Mguu umepanda. Siku hizi unyayo uko juu, karibu na goti."

Nikaacha kuchua. Mguu umehama, na mimi sina habari! Binti anajua, waya zinajua, mimi niliyeuchua tangu siku ya kwanza nachua hewa.

"Tangu lini?"

"Tangu miwani. Daktari anasema ukipanda hivyo ni dalili nzuri."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa hulali kwa ajili yangu. Nikasema nikupumzishe." Akaushika mkono wangu, akauvuta juu. "Hapa. Kidole gumba hiki. Taratibu."

Nikachua. Pumzi yake ikashuka kidogo kidogo. Akaiokota miwani, akainusa, akanitazama.

"Umeipangusa kwa kitambaa cha mafuta?"

"Ndicho kilichokuwa karibu."

Akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Mimi sikucheka. Naye akaacha.

"Sasa wewe ulitaka nini? Niendelee kuumwa?"

"Ushindwe! Sikutaka uumwe." Nilikuwa bado nachua, macho yangu kwenye shuka. "Nilitaka uniite. Hata siku ambayo hakuna kinachouma. Uniite tu."