Machipukizi ya MG

Jumamosi saa tatu asubuhi Rahima alipanda pikapu ya mumewe akiwa na tochi, futi kamba na faili. Mume huyo, Riyadhi, mwenye duka la vipuri Bukoba mjini, alikuwa akitafuta gari la spoti la Kiingereza kwa miaka mitatu, na kwa miaka hiyo mitatu Rahima, mwenye stashahada ya ununuzi na ugavi, alikuwa amekataa kila walichoonyeshwa. Mwanza walikuta boneti halisi juu ya bodi ya Toyota. Kisiwani Goziba walikwenda kwa boti wakakuta usukani peke yake. Mvuvi alikuwa ameufunga kwenye boti lake, na hauzi.

Safari hii ilikuwa Kamachumu. Muuzaji, Aristides, aliwapokea barabarani. Hakuwakaribisha ndani wala hakuwapa kahawa ya kutafuna, na upande ule mtu asiyempa mgeni kahawa anataka aondoke upesi. Rahima akaliweka hilo akilini.

"Ni gari la marehemu baba, mzee Ndyamukama," Aristides alisema. "Mrithi ni mimi. Halina mgogoro."

"Sijauliza kama lina mgogoro," Rahima alisema.

MG, gari lenyewe, ilikuwa katikati ya kibanja, baina ya migomba na mibuni: nyekundu, ya mwaka 1958, milango miwili, haina paa. Ilikuwa imeota. Magurudumu yote manne yalitoa mizizi minene kama mkono, na pembeni yake yalisimama machipukizi matatu. La kwanza lilikuwa na ukubwa wa toroli, la pili wa beseni, na la tatu ndiyo kwanza lilikuwa linatoa taa za mbele. Riyadhi alipiga magoti, akasoma namba ya chesisi. Ilikuwa sawa na ya kwenye kadi.

"Machipukizi yamo kwenye bei?" aliuliza.

"Hayo yanabaki. Yakikomaa tutaongea."

Rahima hakuwa na neno na mizizi. Kilichomsumbua ni majani. Kila gurudumu lilikuwa limetandaziwa nyasi za rweya, zile za mbugani nje ya kijiji, zimekatwa wiki ileile, na chini yake samadi. Akatazama mikono ya Aristides. Ilikuwa laini, ya mtu anayeishi Mwanza.

"Anayetandaza hapa ni nani?"

"Dada yangu, Klaudia. Yuko tu kwa muda."

"Muda gani?"

"Tangu baba alipougua." Akahesabu. "Miaka kumi na minne."

Klaudia mwenyewe alitoka nyuma ya nyumba na mundu mkononi. Alikuwa na miaka hamsini hivi.

"Karibuni waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya. "Gari hilo baba alinipa mimi, na kibanja kinacholizunguka. Alisema mbele ya watu wanne."

"Watatu wamekufa," Aristides alisema.

"Wa nne ni wewe."

Aristides akafungua bahasha, akampa Rahima muhtasari wa kikao cha ukoo. Ulisema kwamba Klaudia ameridhia gari liuzwe, na kwamba likishatoka naye atatoka kwenye kibanja. Chini palikuwa na alama ya dole gumba.

"Dada, unajua kuandika?" Rahima aliuliza.

"Nimefundisha darasa la tatu miaka tisa."

Rahima akaipima ile alama kwa futi kamba. Lilikuwa dole pana, la mwanamume. Aristides alitia mkono mfukoni.

Rahima akamvuta mumewe kando, nyuma ya mgomba. "Karatasi ni ya uongo. Tukinunua, huyu mama anafukuzwa."

"Mama Muharami," Riyadhi alimwambia, "tumetafuta miaka mitatu."

"Najua."

"Tusipochukua sisi, kesho anakuja mtu mwingine."

"Hilo nalo najua."

Rahima alirudi akaandika mkataba, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mwandiko mzuri. Mahali pa shahidi aliweka sahihi yake.

Mizizi ilikatwa kwa panga. Ilitoa utomvu uleule wa mgomba, usiotoka kwenye nguo, na shati la Riyadhi lina madoa hadi leo. Gari lilipakiwa kwenye lori. Jumatatu yake ukoo ulimtoa Klaudia na godoro lake, akapanga chumba Muleba.

Bukoba, wiki ya pili, boneti ya MG ilianza kuwa njano kuanzia pembeni. Riyadhi alibadilisha plagi, akabadilisha mafuta, lakini gari halikuwaka. Rahima akampigia Klaudia. Alikuja Ijumaa kwa basi na mzigo wa nyasi, akatandaza, akala mchana, akarudi Muleba. Jumapili gari liliwaka, na Riyadhi alikwenda nalo hadi ziwani na kurudi. Tangu hapo Klaudia huja kila Ijumaa.

Ijumaa moja simu ya Rahima iliita. Alikuwa Aristides.

"Machipukizi yananyauka," alisema. "Hebu niulizieni, yule anatumia majani gani?"

"Yupo hapa. Muulize mwenyewe."

"Hapana. Kesi yake na ukoo ilishakwisha."

Klaudia alikuwa amepiga magoti kwenye gurudumu la nyuma. "Mwambie naweza kurudi nikayashughulikia," alisema. "Chumba changu kile kile cha kwa baba kinanitosha."

Rahima akamwambia.

"Kuja asije," simu ilijibu. "Nataka majani tu."

Riyadhi, ambaye alishaliwekea oda lile chipukizi lenye ukubwa wa toroli, alimpokonya mkewe simu. Akaeleza kwamba ni nyasi za rweya, zikatwe kabla hazijatoa mbegu, zisiguse tairi, na unene wake uwe kiganja kimoja. Rahima hakumzuia.

"Viganja viwili," Klaudia alisema, bila kuinua kichwa.