Meza ya Watu Wawili

Watu wote dukani walikuwa wakinisubiri mimi, na mimi nilikuwa nikisubiri tone likauke.

Lilikuwa tone la mvinyo mwekundu. Nilikuwa nimelichota kwa ncha ya kidole kutoka glasi ya kwanza, nikalipaka juu ya kadi nyeupe iliyowekwa mezani kwa ajili ya kuandikia maoni, kisha nikaisogeza kadi penye mwanga wa dirisha. Mwenye duka, ambaye kila mtu alimwita Bi Kizibo kwa sababu hereni zake zilitengenezwa kwa vizibo vya chupa, alikuwa ameniuliza swali jepesi kabisa: "Haya, mgeni wetu, umeuonaje huu?" Nami nikamjibu bila hata kufikiri, "Subiri kwanza likauke."

Walicheka mpaka glasi zikagongana rafuni.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi nafanya kazi katika maabara ya kiwanda cha rangi za nyumba. Nilipotoka chuoni na kuajiriwa, jambo la kwanza nililofundishwa ni kutoiamini rangi mbichi. Unaipaka kwenye kadi, unaipeleka dirishani, unangoja, na ikishakauka ndipo unafungua mdomo. Anayetoa maoni kabla ya hapo hutaniwa wiki nzima. Mkono wangu ulikuwa umefanya ulichozoea, na haukuniomba ruhusa.

Nisingejali sana kama ningekuwa nimeketi na rafiki. Lakini ng'ambo ya meza, mikono imekunjwa kifuani na uso mkavu kama ukuta, alikuwa ameketi baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa mkaguzi wa mizani kabla ya kustaafu. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha akiingia sokoni na madukani na mawe yake ya kupimia, akihakikisha kwamba kilo ni kilo. Nilikuwa nimeolewa na mwanawe kwa miezi michache tu, na katika miezi hiyo mazungumzo yetu yote yangeenea kwenye kiganja. Mimi husema shikamoo, yeye marahaba. Mimi karibu chai, yeye hm. Nililelewa na mama peke yake. Neno "baba" lilikuwa bado jipya kinywani mwangu, na kila nilipolitamka nilitega sikio nisikie kama limefika. Nilitaka sana lifike. Nilikuwa nimejiapia siku ya harusi kwamba katika nyumba ile sitakuwa mke wa mtu tu, nitakuwa mtoto.

Ndiyo maana aliponikoholea baada ya chakula, Jumapili moja, na kusema, "Binti, Jumamosi ijayo una kazi?" nilikaribia kuangusha sahani. Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kunielekezea.

Alitaka nimsindikize kwenye klabu yake. Ilikuwa klabu ya mvinyo, na hukutana mara moja kwa mwezi katika duka la Bi Kizibo. Watu hujiunga wawili wawili, meza moja kwa kila jozi. Huonjeshwa mvinyo wa aina nne, kisha kila jozi huondoka na chupa moja inayokubaliana kuichagua. Baba mkwe alikuwa akienda na jirani yake, daktari wa meno mstaafu, lakini jirani alihama kwenda kuishi na binti yake. Mtu mmoja hapewi meza. Mume wangu ni refa wa mpira, na Jumamosi zake zote ziko uwanjani. Mama mkwe naye alijitoa kabla hajaulizwa.

"Usinitazame mimi," alisema huku akikusanya vikombe. "Mvinyo hunilaza kabla chupa haijafunguliwa. Halafu ile Jumamosi moja ndiyo likizo yangu. Nenda naye, mwanangu, ukaniongezee likizo."

Mara ya kwanza mgeni halipi ada. Lakini kabla ya kuondoka lazima aseme kama anajiunga au la, maana kuna jozi nyingine zinazoingoja meza. Nikisema ndiyo, ni kila mwezi. Nikisema hapana, baba mkwe anaikosa meza.

"Fikiri vizuri," Refa wangu aliniambia usiku wa kuamkia siku yenyewe, akinitazama nikipiga pasi gauni ambalo nilikuwa nimeshalipiga. "Unataka kulipia kimya cha baba? Hicho kipo nyumbani, tena bure."

"Labda hana cha kuzungumzia."

"Na mvinyo ndio utamfungua mdomo? Mwaka mzima anaenda huko. Akirudi, mama anamuuliza ilikuwaje. Unajua anajibu nini?"

"Hm," nilisema, na tukacheka wote. Lakini moyo wangu ulikuwa ukidunda kama wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ninaamini, na wenzangu hunicheka kwa hilo, kwamba watu wowote wawili wakipewa kitu kimoja cha kutazama pamoja, hatimaye watatazamana.

Basi ndipo nilipokuwa, uso ukiniwaka, kidole chekundu, na duka zima likinicheka. Baba mkwe hakucheka. Alikunjua mikono polepole, akaishika chupa shingoni, akainyanyua juu ya meza. Akafumba macho. Akaipandisha kidogo, akaishusha kidogo, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Imepungua," alisema.

Duka likanyamaza.

"Nini kimepungua, mzee wangu?" Bi Kizibo akauliza.

"Hii chupa. Ukiilinganisha na ya meza ile, hii ni nyepesi."

"Si ni kwa sababu nimewamiminia nyinyi kwa ukarimu!"

Kicheko cha sasa kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na hakikuwa changu tena. Mwalimu wa muziki aliyeketi na dada yake meza ya jirani alipiga makofi. "Jamani, kumbe ana sauti!" alisema. "Mwaka mzima nilidhani ni bubu!" Baba mkwe aliirudisha chupa mezani kwa uangalifu, akakunja tena mikono, akatazama dirishani. Sikujua kama alikuwa amekusudia. Mkaguzi wa mizani anajua bila shaka kwamba chupa iliyomiminwa hupungua. Nilimtazama pembeni ya jicho, nikaona sikio lake limeiva kwa haya, na kitu ndani yangu kikaruka.

Ukaletwa mvinyo wa pili. Mwalimu wa muziki aliunusa, akainua kidevu, akasema unamkumbusha mvua iliyo mbali na mtu anayevua viatu mlangoni. Meza zote zikashusha pumzi. Nikanusa na mimi. Nikaonja. Nikainamia upande wa baba mkwe.

"Baba, wewe umeiona mvua?"

"Nimeona mvinyo."

Nilicheka puani, nikaziba mdomo. Yeye aliendelea kwa sauti ya chini, macho bado dirishani. "Wanaona matunda. Wanaona maua, moshi, ngozi ya viatu. Mimi mwaka mzima naona mvinyo."

"Sasa huwa unaandika nini kwenye kadi?"

"Nanakili ya daktari wa meno."

Hapo sikuweza kujizuia. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na katika kicheko hicho likanitoka swali ambalo mtu hamuulizi baba mkwe. "Basi unakuja kufanya nini?"

Nilitaka kuliokota nilirudishe kinywani. Lakini alikuwa ameshaanza kuizungusha glasi yake juu ya meza, taratibu, kwa vidole viwili.

"Kazi yangu," alisema, "nilikuwa nikitokea sokoni, watu wananyamaza. Aliyekuwa akicheka anaacha. Aliyekuwa akiimba anaanza kupanga nyanya. Hata waliokuwa na mizani safi. Wananitazama mikono. Sasa hapa, huyu mama kila mwezi ananijia na kuniuliza, mzee, umeuonaje? Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje. Waliniuliza kama wamepita."

"Na wewe huwa unamjibu nini?"

"Bado natafuta jibu," alisema, na akanywa.

Nilikaa na maneno hayo wakati mvinyo wa tatu ukimiminwa. Miezi yote ile nilikuwa nikidhani kimya chake ni hukumu. Kwamba ameninyanyua mkononi, akafumba macho, akaniona mwepesi. Sikuwahi kufikiri kwamba huenda kimya kile alikipata kazini, akakizoea, akarudi nacho nyumbani. Sikumbuki kabisa ladha ya mvinyo wa tatu. Wa nne naukumbuka hadi leo.

"Haya, wapendwa!" Bi Kizibo alipiga kijiko kwenye chupa. "Kila meza chupa moja. Msipokubaliana mnaondoka mikono mitupu, mnaijua sheria."

Meza zikaanza kunong'ona. Sisi tukatazamana.

"Chagua wewe, baba."

"Chagua wewe, binti."

"Hapana, baba, siwezi kukutangulia."

"Chagua tu. Mgeni ndiye huchagua."

Alilisema kwa wema kabisa, na labda ndiyo sababu lilinichoma. Nilikaa wima.

"Mimi si mgeni."

"Eh?"

"Mimi si mgeni, baba. Mimi ni wa nyumbani." Sauti yangu ilikuwa imeshaanza kukimbia, nami niliiacha ikimbie. "Na ule wa pili ulikuwa mbaya."

Alinigeukia mwili mzima. "Mbaya?"

"Mbaya. Mkali bure."

"Ule wa pili," alisema polepole, kama anayesoma shitaka, "ndio pekee uliokuwa na uzito."

"Uzito! Baba, mvinyo haupimwi kwa kilo."

"Na hauanikwi kwenye kadi!"

Mwalimu wa muziki aliacha kunong'ona. Sikumjali. "Wa nne ndio mvinyo," nilisema. "Wa nne unapiga hodi, unangoja, ndipo unaingia. Huo wako umeingia na matope hadi sebuleni."

"Wa nne hauna lolote. Unapiga hodi, unapiga hodi, mpaka mwenye nyumba anasinzia. Wa pili umekuja, umeketi, umesema shida yake. Unajua unashughulika na nani."

"Wa nne una adabu."

"Adabu ikizidi inachosha!" Alipiga meza kwa kiganja, si kwa nguvu. Kisha akanitazama moja kwa moja. Yalikuwa macho ya hudhurungi nyepesi sana, rangi ambayo ningeitambua popote kwa kuwa mume wangu anayo, na sikuwahi kuiona kwake kwa sababu sikuwahi kuthubutu kuitazama. "Miezi yote hii umenimaliza na adabu, mtoto wewe. Shikamoo baba, karibu baba, samahani baba. Nakosa pa kuingilia."

"Na wewe je? Na hizo hm zako? Mtu ajibu nini kwenye hm?"

"Si umejibu leo!"

"Meza ya dirishani," Bi Kizibo alikuwa amesimama juu yetu, hereni zikicheza, "chupa ipi?"

"Wa pili," alisema yeye.

"Wa nne," nilisema mimi.

"Kwa pamoja, tafadhali."

"Wa pili."

"Wa nne."

"Mungu wangu," alisema dada yake mwalimu wa muziki. "Chukueni wa tatu, mwisho wa ugomvi."

"Wa tatu!" tulisema wote wawili, kwa dharau moja, na duka likaangua kicheko. Bi Kizibo alijaribu tena, akabembeleza, akatishia. Hakuna aliyelegeza. Mwishowe akazirudisha chupa zote mbili rafuni, akafuta mikono, akaniinamia mimi peke yangu.

"Haya, binti. Hukupata chupa, umenichafulia kadi yangu, na umegombana na mwenzio. Kuna watu wananisumbua kwa meza hii. Niwape, au mnabaki?"

Hapo baba mkwe akaacha kubishana. Alichukua kizibo kilichokuwa mezani, akaanza kukisugua kwa dole gumba, akikitazama kwa makini mno kwa kitu kidogo hivyo. Mtu aliyenyamazisha masoko alikuwa anaogopa jibu langu. Nilimwona wazi. Nikakumbuka mshahara wangu wa mtu aliyeanza kazi juzi, na miezi mingapi iko ndani ya mwaka, na moyo wangu ukawa unaruka tu, hautaki hesabu.

"Tunabaki," nilisema. "Mzee huyu hawezi kuachwa mitaani na mawazo kama hayo kuhusu wa pili."

Alikohoa. "Mwandike," alimwambia Bi Kizibo. Kisha, kabla mama yule hajafika kwenye kaunta, akainua sauti: "Tuandike."

Tulitoka jua likiwa bado juu. Jozi nyingine zilitembea mbele yetu na chupa zao zimefungwa vizuri kwenye karatasi, sisi mikono inaning'inia. Simu yangu ikaita. Alikuwa Refa, nilisikia filimbi na kelele za uwanja nyuma yake.

"Vipi? Mmetoka na nini?"

"Na baba yako," nilisema.

"Umesemaje?"

"Muulize," baba mkwe alidakia karibu na sikio langu, akiongeza hatua aendane na mimi, "muulize yeye, mtu akija kwako na shida, unataka abishe hodi asubuhi hadi jioni, au aingie?"

"Ni nani huyo anayeongea?" aliuliza Refa.

Sikuwahi kumjibu, kwa kuwa baba alikuwa ameshaanza hoja mpya, mikono yote miwili hewani, akinipimia kwa viganja jinsi wa pili ulivyotua kinywani na jinsi wa nne ulivyoelea, nami nilikuwa namkatiza, naye ananikatiza. Kona ya kwenda nyumbani tuliipita hivyo. Niliiona, na nadhani yeye pia aliiona, maana alitupa jicho upande ule mara moja, akashusha pumzi, kisha akasema, "Halafu kuna jambo lingine."