Kutetemeka kwa Muthamia

Kagwiria alijifungua asubuhi ya manyunyu, na kwa muda mrefu baadaye hakujua kama yuko macho au anaota. Nje ya dirisha la wodi, ukungu ulikuwa umemeza mashamba yote ya ngano ya Timau. Alihisi kitanda kinaelea. Kando yake alilala mwanawe wa kwanza, ambaye tayari alikuwa na jina la babu yake, Muthamia.

"Mtoto mpole huyu," alisema Teresia, mama mkwe wake, akimkazia mtoto shali. "Hata kulia hataki. Mwache alale."

Kagwiria naye alikuwa anazama usingizini pale mkono mdogo ulipochomoza kwenye shali, vidole vikitetemeka. Akaushika. Ukaendelea kutetemeka ndani ya kiganja chake. Alipompa titi, mtoto hakufungua mdomo.

"Mama, niitie sista."

"Ni baridi tu, mwanangu."

"Niitie."

Hakuwahi kumwamuru mama mkwe wake. Teresia alimtazama kidogo, kisha akaenda.

Muuguzi Halimah alimchoma mtoto kisigino, akapima tone la damu. "Sukari imeshuka," alisema. Akampaka jeli ya sukari ndani ya shavu, akamlaza uchi kifuani kwa mamake, akawafunika wote wawili blanketi.

"Nimemkosea nini?" Kagwiria aliuliza.

"Hujamkosea. Tumboni alilishwa kupitia kitovu bila kuomba. Sasa kimekatwa, na mwili wake bado unajifunza kujitegemea. Wengi hupitia hapa, halafu inaisha. Ila kumwacha alale hivyo kungekuwa hatari."

Kagwiria akakamua maziwa ya kwanza, mazito, ya manjano, na Teresia akamnywesha mtoto kwa kijiko. Mtoto alimeza, akasahau, akameza tena. Kagwiria alimwona kama mgeni aliyefika kutoka nchi ya mbali, nchi isiyojua njaa, akiwa bado hajaamua kukaa. Alimnong'oneza kwa Kimeru, akimwambia majina ya watu wa nyumbani mmoja mmoja, polepole, ili asijione mpweke.

Halimah alirudi kupima, akarudi tena. Mara ya pili alitabasamu. Vidole vilikuwa vimetulia juu ya titi, na mtoto alikuwa akinyonya kwa nguvu hadi Kagwiria akauma meno.

"Ulijuaje?" Teresia aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sikujua, Mama. Niliogopa tu."

Teresia akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kumsugua Kagwiria miguu.